Mtoto Wako Akitaka Kusomea Ngoma

Ndugu msomaji, tuseme jioni moja umeketi barazani, umerudi shambani, umechoka. Binti yako aliyemaliza kidato cha nne anakuja, anapiga goti, anakuambia: "Baba, nataka kwenda Bagamoyo kusoma." Moyo wako unafurahi. Unamwuliza, "Kusoma nini, mwanangu? Uuguzi? Ualimu?" Naye anatazama chini, anajibu polepole: "Kusomea ngoma, baba."

Je, utamjibu nini?

Najua wengi wetu tungemjibu nini. "Ngoma? Tangu lini ngoma ikasomewa? Bibi yako alicheza ngoma tangu utoto wake mpaka meno yakamtoka, wala hakwenda chuo!" Mama naye atatoka jikoni na mwiko mkononi, aseme, "Mtoto huyu anataka kututia aibu mbele ya watu." Basi, mazungumzo yamekwisha. Binti ataingia ndani kulia, baba atalala na hasira, na shauri lenyewe halikuzungumzwa hata kidogo.

Leo nataka tulizungumze. Sisemi kila mtoto apelekwe kusomea ngoma, la, hasha. Lakini shauri la maisha ya mtoto lataka akili kuliko hasira, na mtu hawezi kuamua vema juu ya jambo asilolijua. Tuanze basi huko huko Bagamoyo.

TARUMBETA NDIYO, NGOMA HAPANA

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, unapita Tegeta na Bunju, kisha Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, na baada ya kilomita kama 70 hivi unafika Bagamoyo. Mji huu Wakatoliki wengi wanaujua kwa jina tu, kwa sababu ndipo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misioni mwaka 1868, wakitoka Unguja. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakawafundisha watoto kulima, useremala, kusoma na kuimba.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1871 yule mwandishi wa magazeti, Henry Stanley, alipita Bagamoyo akijitayarisha kwenda bara kumtafuta Livingstone. Mapadre walimkaribisha misioni. Baada ya chakula akasikia muziki, na kumbe wapigaji walikuwa vijana kama ishirini wa misioni, Waafrika watupu, wameshika tarumbeta na vyombo vya shaba, wanapiga nyimbo za Kifaransa! Stanley alistaajabu, akaliandika jambo hilo katika kitabu chake.

Basi fikiri, msomaji. Vijana wale wengi wao walikuwa wamekombolewa utumwani. Walitoka bara, kila mmoja na kabila lake, kila mmoja na ngoma ya kwao moyoni. Na muda si muda wakazijua nyimbo za Ufaransa, nchi ambayo hawakupata kuiona kwa macho. Hiyo ni sifa kwao na kwa walimu wao. Lakini ngoma za kwao je? Hizo katika misioni nyingi za Afrika ya Mashariki zilikatazwa. Mkristo aliyeonekana ngomani aliitwa kwa padre au kwa katekista, akaulizwa maneno.

Tusiwahukumu upesi wazee wale. Walikuwa na sababu zao. Ngoma nyingine zilikwenda pamoja na pombe mpaka alfajiri. Nyingine zilikuwa za mizimu. Nyingine zilikuwa za unyago na jando, zenye mafundisho ya siri ambayo mgeni hakuyaelewa. Kwa kuwa hawakuweza kuchambua ipi njema na ipi mbaya, wakaona heri kuzikataza zote. Ndivyo tulivyopata mawazo haya tuliyo nayo mpaka leo, kwamba mtu wa heshima hupiga kinanda, na mhuni hupiga ngoma.

Lakini vijana wa pwani hawakukaa kimya. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Lamu na Mombasa, waliziangalia bendi za Wazungu, wakaanzisha ngoma yao wenyewe wakaiita beni. Walivaa kama maofisa, wakapanga mistari, wakashindana kwa nyimbo na mavazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza beni ilienea mpaka bara, na watu wakagawanyika katika Marini na Arinoti kama leo wanavyogawanyika katika Simba na Yanga. Hivyo ngoma haikufa, ila ilivaa kofia mpya.

AIBU ILIYOONDOLEWA

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza. Katika mambo mengi aliyoyasema alitaja na hili: kwamba wengi wetu tuliosoma tulijifunza kucheza rumba, chachacha na waltz za kigeni, lakini ni wangapi waliowahi hata kuzisikia ngoma za makabila yetu wenyewe, kama gombe sugu au kiduo? Akatangaza kwamba anaunda wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Yule aliyesema maneno hayo hakuwa mhuni wa mitaani. Alikuwa mwalimu, tena Mkatoliki.

Na mwaka uliofuata, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulitoa Hati juu ya Liturujia. Hati hiyo ilisema wazi kwamba katika nchi za misioni kuna mataifa yenye muziki wao wenyewe, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayoufaa. Ilisema pia kwamba vyombo vingine visivyo kinanda vyaweza kuingizwa katika ibada, mradi vinafaa kwa jambo takatifu. Mwaka huo huo padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tena kabla ya hapo, mwaka 1958, kule Kamina katika Kongo, padre Mfransisko aitwaye Guido Haazen alikuwa amekwisha kukusanya kwaya ya wavulana na walimu, nao wakaimba Misa kwa namna ya Kikongo pamoja na ngoma zao. Misa Luba hiyo ilisikika Ulaya, na watu walishangaa kwa uzuri wake.

Leo ukiingia kanisani Jumapili unasikia ngoma, kayamba na manyanga, na vigelegele wakati wa Gloria. Mtoto mdogo hudhani imekuwa hivyo tangu Adamu. La! Imekuwa hivyo kwa sababu watu waliona kwamba kitu kilichokatazwa chote pamoja kilikuwa na ngano na magugu, wakakaa chini wakachambua. Nasi twaweza kufanya hivyo hivyo nyumbani kwetu.

CHUO KANDO YA BAHARI

Serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa katika miaka ya 1960. Vijana walikusanywa kutoka mikoa mbalimbali, Mgogo akajifunza ngoma ya Mmakonde, na Msukuma ya Mzaramo. Wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi. Baadaye ikaonekana kwamba kikundi kimoja cha mji mkuu hakitoshi. Yafaa pawe na shule ya kufundisha. Ndipo mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kando ya bahari.

Chuo hicho kimepata na mitihani yake. Mwaka 2002 ukumbi wake uliteketea kwa moto. Baadaye ukajengwa mwingine mkubwa, na mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Kila mwaka hufanywa tamasha, na vikundi kutoka mikoani na nchi za nje huja kuonyesha sanaa zao. Mwaka 2021 lilifanyika tamasha la 40.

Sasa binti akienda huko atasoma nini? Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, kwa kuwa hudhani atakwenda kukata kiuno tu. Chuo kinafundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji na uchongaji. Tena kinafundisha ufundi wa jukwaa, yaani taa, mapambo na mavazi, na pia kazi ya kupiga picha za video na kurekodi sauti. Mwanafunzi hukaa darasani na daftari, hufanya mitihani, na akifaulu hupata astashahada, na akiendelea, stashahada. Ngoma yenyewe hufundishwa hatua kwa hatua: mpigo huu unatoka wapi, unapigwa wakati gani, nani aliruhusiwa kuupiga, maneno ya wimbo maana yake nini. Bibi yetu alijua hayo kwa kuzaliwa ndani yake, mtoto wa leo hayajui. Asipofundishwa na bibi wala na mwalimu, atafundishwa na simu.

MGOGO MMOJA ALIYEJULIKANA DUNIANI

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Hebu tulipime neno hilo kwa maisha ya mtu mmoja.

Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alikua katika maisha ya wafugaji na wakulima, akapiga zeze na ilimba. Ilimba ni kisanduku cha mti chenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, navyo hupigwa kwa vidole gumba. Mgogo huongeza vyuma vingine ambavyo havipigwi kabisa. Hivyo hutetemeka vyenyewe vikisikia wenzao, na ndiyo sababu sauti ya ilimba hujaa kama maji katika mtungi. Sauti ya Zawose mwenyewe nayo iliweza kushuka chini sana, kisha kupanda juu kama ya mtoto.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akakaa Bagamoyo, akapiga muziki, akafundisha wengine. Alisafiri nchi nyingi. Huko Uingereza santuri zake zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, mwimbaji mashuhuri wa huko. Wazungu walilipa fedha wakaketi kimya kabisa kumsikiliza Mgogo akiimba kwa Kigogo, lugha wasiyojua hata neno moja lake. Alifariki Bagamoyo mwezi wa Desemba 2003.

Sasa nakuuliza, msomaji: ulipata kumsikia? Watoto wako wanajua jina lake? Wengi watasema hapana. Huyu alicheza kwao, lakini mtunzo mkubwa alipewa ugenini. Hilo ni jambo la kutufikirisha. Twalalamika kwamba watoto wetu wanapenda mambo ya nje, na huku sisi wenyewe hatutambui cha ndani mpaka mgeni atuonyeshe.

MABINTI WANAPOSHIKA ZEZE

Jambo la pili juu ya nyumba hiyo lawahusu mabinti. Katika desturi ya Wagogo, wanawake wanazo ngoma zao za muheme, nao huzipiga kwa ustadi mkubwa, wakizibana katikati ya mapaja. Lakini zeze na ilimba vilikuwa vyombo vya wanaume. Hata katika jamaa ya Zawose wanawake walikaa nyuma, waliitikia na kucheza. Jamaa ilipoendelea, wawili kati yao, Pendo na Leah, wakashika vyombo wenyewe na kusimama mbele kama waimbaji wakuu. Wanaitwa Zawose Queens. Mwaka 2024 walitoa santuri yao ya kwanza, "Maisha," nayo ikapokewa vema huko ng'ambo.

Jirani zetu wa Burundi walichagua njia nyingine. Ngoma yao ya kifalme, ambayo Shirika la UNESCO liliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, iliwekewa amri ya Rais mwaka 2017, na amri hiyo iliwakataza wanawake kuipiga. Wenyewe walisema wanalinda desturi. Sitaki kuingia katika ugomvi wa jirani. Ila nasema, mzazi mwenye binti yafaa ajue kwamba swali la binti yake barazani si la nyumba yake peke yake. Nchi nzima nzima zinajiuliza: desturi hulindwa kwa kuifungia, au kwa kumpa mtoto aibebe mbele?

HATARI ZIPO

Nisipotaja hatari nitakuwa mwongo, na mwandishi mwongo ni sumu katika nyumba yako. Basi tuziseme.

Ya kwanza ni umaskini. Mwenye stashahada ya ngoma hangojewi na ofisi. Vikundi vingi vya ngoma huishi kwa kuitwa arusini, katika sherehe za serikali na mahotelini kwa watalii. Msimu wa watalii ukipita, jiko hupoa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii duniani, wasanii wa pwani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonja njaa. Kijana asiye na kazi nyingine ya mkono atateseka.

Ya pili ni watu wabaya. Msichana anayecheza usiku hotelini hukutana na walevi na wenye fedha wasio na haya. Wapo pia watu wanaojiita mameneja, huwakusanya vijana vijijini wakiwaahidi safari za Ulaya au Arabuni, kisha huwanyang'anya hati za kusafiria. Hatari hii si ya ngoma tu. Hata anayekwenda kutafuta kazi za ndani huipata. Lakini ipo.

Ya tatu ni ngoma yenyewe kuuzwa mpaka kupoteza maana. Sindimba ya Wamakonde ni mfano. Kwao ilikuwa na mahali pake, pamoja na mafunzo ya vijana, nao wazee walijua kila hatua inasema nini. Ilipopelekwa jukwaani mbele ya watu wasiojua lolote, yale mafunzo yalibaki kijijini, viuno tu vikasafiri. Halafu watu wakasema, "Tazama ngoma za Wamakonde zilivyo za aibu!" Aibu hiyo haikuwa ya Wamakonde. Ilikuwa ya yule aliyeng'oa mmea akaacha mizizi.

Hatari hizi tatu ni za kweli. Je, zatosha kumkataza mtoto? Uuguzi nao una zamu za usiku. Udereva una ajali, biashara ina hasara. Mzazi hamkatazi mwanawe kuvua samaki kwa kuwa bahari ina papa. Humfundisha kuogelea, humchagulia nahodha mwema, na humwambia siku ya kutotoka.

NGOMA INAYOFANYA KAZI KIJIJINI

Tena si lazima msanii aende hotelini. Sikiliza jambo lililofanyika nchini mwetu katika miaka ya 1980.

Walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mama Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia, walikwenda vijijini na njia waliyoiita sanaa kwa maendeleo. Walikwenda Malya, upande wa Mwanza, walikwenda Bagamoyo, na walikwenda Msoga, upande wa Chalinze. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa mjini. Kwanza walikaa na watu, wakauliza: shida yenu kubwa ni nini? Kule Malya shida iliyotajwa ilikuwa wasichana wa shule kupata mimba. Kisha watu wakakaa kuichambua shida hiyo, wakatafuta chanzo chake. Baada ya hapo wakaitungia igizo, nyimbo na ngoma kwa namna ya kwao wenyewe, wakaionyesha mbele ya kijiji kizima. Na mchezo ulipokwisha, watu hawakutawanyika. Wakaanza kujadiliana walichokiona na nini kifanyike.

Unaona busara yake? Msichana wa miaka kumi na minne hawezi kusimama mkutanoni kuwaambia wazee, "Ninyi ndio mnaotuharibu." Atapigwa. Lakini katika wimbo na igizo aweza kulisema, na mzee aliyetajwa atacheka pamoja na wengine, halafu usiku hatalala. Mama Mlama aliandika habari za kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Uganda nako, katika miaka ya 1980, Stephen Rwangyezi alianzisha kundi la Ndere mjini Kampala, na vijana wengi wamelipiwa masomo kutokana na kucheza kwao humo.

Basi mtu aliyesomea sanaa aweza kurudi kwenu, akafundisha shuleni. Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo, nalo lataka walimu wanaolijua. Aweza kuongoza kwaya ya parokia. Aweza kushona mavazi ya sherehe, kutengeneza ngoma na kayamba, kusimamia vipaza sauti, kupiga picha za arusi na kumbukumbu. Jembe la msanii lina meno mengi, akifundishwa kuyatumia yote.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSEMA NDIYO AU HAPANA

Basi rudi barazani, msomaji. Binti bado amepiga goti. Mwambie akae. Kisha mwulizane haya.

La kwanza, kipaji kipo? Usimwulize yeye peke yake. Mwulize mwalimu wa kwaya, na mzee wa ngoma wa kijiji. Kupenda kutazama si kuweza kutenda. Mpe kazi: ajifunze wimbo mmoja wa zamani kwa bibi yake, autafute na maana yake, auimbe mbele ya jamaa. Akiona uvivu kwa hilo, chuo hakitamponya.

La pili, chuo gani? Kimesajiliwa na serikali? Cheti chake chatambuliwa? Usitoe fedha kwa mtu aliyekutana naye stendi. Nenda mwenyewe, au mtume ndugu unayemwamini, aone madarasa na kusema na walimu.

La tatu, atalala wapi, atakula nini, na ada italipwa kwa mazao gani? Sema ukweli mbele yake, ili ajue jasho lako.

La nne, mkono wa pili ni upi? Asome ngoma, na pamoja nayo ushonaji, au sauti na taa, au ualimu. Mcheza ngoma asiye na kazi ya mchana huwa mtumwa wa usiku.

La tano, mkataba. Akifika siku ya kuitwa kucheza au kurekodi, asitie sahihi jambo ambalo hajalisoma mbele ya mtu mzima. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi, na inalinda hata sanaa za jadi za jamii zetu. Ipo Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na lipo Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Wengi wamenyang'anywa nyimbo zao kwa sababu hawakujua kwamba mlango upo wa kubisha.

Maswali haya yakijibiwa vibaya, mwambie binti hapana, na umwambie sababu. Atalia, lakini atajua kwamba babaye alimsikiliza. Yakijibiwa vema, mbariki aende. Naye mama aweke mwiko chini, ambariki pia, kwa maana mtoto aliyeondoka bila baraka hurudi mzito.

MCHEZA KWAO

Sasa nakuomba jambo moja ambalo halina ada, na ambalo kila nyumba yaweza kulifanya juma hili hili.

Katika kijiji chenu yupo mzee mmoja, labda wawili, wanaojua nyimbo ambazo hakuna mwingine anayezijua: za kutwanga, za kupiga makasia, za kubembeleza mtoto, za mavuno. Wakifa, nyimbo hizo zitazikwa pamoja nao, wala hakuna chuo kitakachozifukua. Kijana wako anayo simu. Mwambie asiitumie kwa kucheka na wenzake tu. Akae na mzee huyo Jumapili alasiri, amwombe kwa adabu, arekodi wimbo, aandike maneno yake, aulize maana yake, aandike na jina la mwimbaji na la kijiji. Kisha mzee apewe kitu, hata sukari kilo moja. Huko ndiko kumtunza mcheza kwao.

Wale vijana wa Bagamoyo wa mwaka 1871 walifundishwa nyimbo za watu wengine, wakazipiga vizuri hata mgeni akastaajabu. Lakini hakuna aliyewauliza, "Na kwenu mnaimbaje?" Swali hilo lingekuwa rahisi sana kuuliza, nasi leo tungekuwa na hazina.

Mzee wako yu hai. Nenda ukamwulize.